Kijani cha uongo: jinsi simu saba za kawaida zilivyoingia kwenye majaribio yetu ya kila siku

Katibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha Mbagala alinipigia simu Jumamosi saa tano asubuhi, kikao kikiwa kinaendelea. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" kwa haraka, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Hii programu yenu inanila kazi yangu. Nikishapiga picha ukurasa wa daftari, nikirudi, majina yote niliyojaza hayapo. Nimeanza upya mara tatu na wanachama wanataka kwenda nyumbani."

Programu yetu ni ya makatibu wa vikundi vya namna hiyo. Katibu anaandika hisa za kila mwanachama, marejesho ya mikopo na mchango wa mfuko wa jamii, kisha anapiga picha ukurasa wa daftari ili kumbukumbu ya karatasi na ya simu zilingane. Picha ndiyo inayofunga kikao. Isipopatikana, siku nzima haijaandikwa.

Asubuhi ile mfumo wetu wa majaribio ulikuwa kijani mwanzo hadi mwisho, yaani kila jaribio limepita. Kila msimbo mpya ulipoingia GitLab, mfumo tunakotunzia msimbo wa programu, majaribio yalijiendesha yenyewe kwenye emuleta, simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta, na hakuna msimbo uliounganishwa bila kuyapita. Jaribio la kupiga picha lilikuwemo, na lilipita. Simu zetu za ofisini nazo hazikuwahi kuonyesha kasoro hiyo. Mwenzangu mmoja alishauri tumwambie mama yule katibu afute programu aipakue upya. Jumatatu nikapanda daladala kwenda Mbagala.

Alinikabidhi simu yake: itel yenye RAM ya GB 1, Android ile nyepesi inayoitwa Go, kioo kina ufa kwenye pembe, hifadhi imejaa picha za WhatsApp. Nilijaza majina sita na hisa zake. Nikafungua kamera, nikapiga picha, nikabonyeza tiki. Skrini ikawa nyeupe kwa sekunde chache, kisha likaja neno "Karibu". Nilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, kama mtu aliyeifungua siku hiyo kwa mara ya kwanza. Majina sita hayakuwepo.

Kilichotokea si kigumu kukieleza. Kamera ni programu nyingine, na ni mlaji mkubwa wa RAM. Ikifunguka, yetu inakwenda nyuma. Kwenye simu ya GB 1 Android hutafuta nafasi kwa kuua michakato iliyo nyuma, yaani programu zinazoendelea bila kuonekana kwenye skrini, na wa kwanza kufa tulikuwa sisi. Kamera inapomaliza, mfumo unaiwasha programu yetu upya na kutarajia iwe imeweka akiba ya ilichokuwa nacho. Yetu haikuweka. Tulihifadhi fomu nzima ndani ya ViewModel, sehemu ya programu inayoshika data ya skrini kwenye RAM, na wengi wetu tuliamini hiyo inatosha kwa sababu data haipotei simu ikigeuzwa kutoka wima kwenda ulalo. Ni kweli haipotei simu ikigeuzwa. Mchakato ukiuawa, ViewModel inakufa nao.

Kurekebisha kulichukua siku mbili: kila kisanduku kinachojazwa kinaandikwa papo hapo kwenye hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu, pamoja na anwani ya faili la picha inayosubiriwa. Swali lililobaki mezani lilikuwa zito kuliko kasoro yenyewe. Emuleta yetu tulikuwa tumeipa RAM ya GB 4 ili majaribio yaende upesi. Ilikuwa inatupa majibu ya simu ambayo hakuna katibu hata mmoja anayeimiliki.

Kwa nini hatukukodi

Wazo la kwanza lilikuwa kukodi simu halisi za mbali. Zipo huduma nzuri za aina hii. Firebase Test Lab ya Google na AWS Device Farm ya Amazon, iliyoanza mwaka 2015, zinakuwezesha kutuma programu yako ikajaribiwa kwenye simu zilizofungwa kwenye vyumba vyao, ukapata video na logi, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea. Tulipopiga hesabu, bei ya Firebase kwa simu halisi ilikuwa dola 5 kwa saa, na ya AWS senti 17 za dola kwa dakika. Simu saba, dakika arobaini kila usiku, mwezi mzima: saa 140, yaani kama dola 700 kwa bei ile ya chini.

Fedha peke yake isingetuzuia. Tulipita kwenye orodha za simu zao tukakuta Pixel na Samsung kwa wingi, na simu za makatibu wetu hatukuziona. Halafu kuna suala la laini. Mwanachama akilipa kwa simu, menyu ya kuweka namba ya siri inajitokeza juu ya programu yetu, na menyu hiyo inaletwa na mtandao wa simu kupitia laini iliyomo. Simu iliyofungwa Marekani bila laini ya Tanzania haiwezi kuionyesha. Hapo ndipo penye uchumi wa programu yetu, na ndipo tulipokuwa hatupajaribu kabisa isipokuwa kwa mkono.

Tukaamua kujenga shelfu yetu. Tulifahamu kwamba wakubwa wamepita njia hii kwa kipimo chao: Facebook ilieleza mwaka 2016 kuhusu maabara yake ya Prineville, Oregon, yenye simu zipatazo 2,000, simu 32 kwa kila kabati. Sisi tulihitaji saba. Kompyuta ndogo, simu, kigawanyio cha USB na UPS (betri ya akiba ya umeme) vyote pamoja havikufika gharama ya kukodi kwa miezi miwili.

Shelfu

Simu hatukuzichagua kwa kufuata sifa. Tulichukua kumbukumbu za programu yenyewe, tukahesabu aina za simu zinazotumika na matoleo ya Android, tukaanza na zile zinazobeba watu wengi. Zikaja Tecno mbili, itel moja ya GB 1 kama ya mama, Infinix, Redmi, Samsung ya bei ya chini, na moja isiyo na jina la maana tuliyoikuta kwa wingi kwa watumiaji wa vijijini. Tulizinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nyingi zikiwa zimeshatumika, na sioni hasara katika hilo. Simu iliyotumika miaka miwili ina betri iliyochoka na hifadhi yenye mwendo wa kobe, sawasawa na iliyo mkononi mwa katibu.

Zikawekwa kwenye mbao yenye vyumba saba, kila chumba na namba yake. Nyuma, nyaya saba za USB zinakwenda kwenye kigawanyio kimoja, kutoka hapo kwenye kompyuta ndogo yenye Linux. Kwenye kompyuta hiyo tukaweka GitLab Runner, programu inayopokea kazi za majaribio kutoka GitLab na kuziendesha. Uzuri wake ni kwamba yenyewe ndiyo inayokwenda kuuliza kazi kwenye seva, kwa hiyo hatukuhitaji kufungua mlango wowote kwenye intaneti ya ofisi. Kila simu ikapewa kazi yake kwenye mlolongo wa GitLab, na `resource_group` ikahakikisha simu moja haishikwi na kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kwenye karatasi hiyo ni kazi ya siku moja. Ilituchukua wiki tatu, na nitasimulia mambo manne tu yaliyotula muda mwingi.

La kwanza ni umeme. Mlango wa USB 2.0 unatoa milliampia 500, na simu inayofanya kazi skrini ikiwaka inaweza kula zaidi ya hapo. Kigawanyio chetu cha kwanza kilitegemea umeme wa kompyuta peke yake. Simu ya chumba namba 3 ilianza usiku ikiwa na chaji kamili, ikazima kabla ya alfajiri ikiwa bado imechomekwa. Tukanunua kigawanyio chenye adapta yake.

La pili ni utambulisho. `adb`, chombo kinachoiunganisha kompyuta na simu za Android, hutofautisha simu kwa namba ya mfululizo. Ile simu isiyo na jina ilijitambulisha kama `0123456789ABCDEF`. Tulipochomeka nyingine ya aina hiyo hiyo kwa majaribio, nayo ikajiita `0123456789ABCDEF`. Kiwanda hakikuwahi kuziandikia namba zake. Kila amri ya `adb` ikawa inakataa kwa kusema kuna vifaa zaidi ya kimoja. Dawa ni kuacha namba ya mfululizo na kuita simu kwa njia yake ya USB, ile inayoonekana ukiandika `adb devices -l`, mfano `usb:1-4.2`. Tangu hapo namba ya chumba na mlango wa USB ni kitu kimoja, na tumebandika karatasi: usihamishe waya.

La tatu ni ruhusa. Simu haikubali kuamrishwa na kompyuta mpaka mtu aguse "Ruhusu" kwenye skrini, na ruhusa hiyo inafungwa kwenye ufunguo wa yule aliyewasha seva ya `adb`. Mimi niliziruhusu simu zote nikiwa nimeingia kwa jina langu. Umeme ulipokatika na kurudi, Runner ikawahi kuiwasha `adb` kwa jina lake, na simu zote saba zikasoma `unauthorized`, yaani hazina ruhusa. Sasa seva ya `adb` inawashwa na mfumo wenyewe, kwa mtumiaji mmoja, kwa ufunguo mmoja ambao nakala yake tumeihifadhi. Hata hivyo tulipofunga ofisi kwa Krismasi na kuizima kompyuta, tulirudi tukakuta simu mbili mpya zimegoma tena. Kuanzia Android 11, ruhusa hufutika yenyewe kompyuta isipoonekana kwa siku saba. Kuna kitufe cha kuzima tabia hiyo kwenye mipangilio ya wasanidi. Kizime siku ya kwanza.

La nne ni vidirisha. Kila kampuni ya simu ina vyake: usasishe mfumo usiku huu, programu hii ikaguliwe, betri inatumika vibaya. Redmi ilikataa hata kuwekewa programu kwa waya mpaka tuweke laini na kufungua akaunti ya Mi. Vinavyozimika tukavizima kwa amri, pamoja na mbwembwe zote za skrini, maana kitufe kinachoteleza polepole kuja mahali pake huwa hakijafika jaribio linapokigusa.

Masasisho yalituletea ubishi. Wenzangu walitaka kuyazima kwenye simu zote, na hoja yao ilikuwa sahihi: simu isibadilike chini ya miguu yako. Mimi niliwakumbusha Machi 2021, siku ile sasisho la WebView, sehemu ya Android inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu, lilipozifanya programu nyingi duniani, Gmail ikiwemo, zianguke kila zikifunguliwa, bila mtu kugusa msimbo wake. Watumiaji wetu hawajazima masasisho. Tukakubaliana simu tano zifungwe na mbili ziachwe zijisasishe kama za watu.

Jaribio lililopita lilipotakiwa kufeli

Shelfu ilipotulia, nilirudisha msimbo wa zamani, ule wenye kasoro ya mama, nikauendesha kwenye itel. Nilitaka kuona nyekundu kwa macho yangu. Jaribio likajaza majina, likafungua kamera, likapiga picha, likarudi, likakuta majina yote yapo. Kijani.

Nilikaa na simu ile karibu siku nzima. Kwa mkono, kasoro ilitokea kila mara. Kwa jaribio, haikutokea hata mara moja. Simu ile ile, programu ile ile.

Jibu lilikuwa kwenye jinsi jaribio lilivyoandikwa. Tulitumia Espresso, chombo cha kuandikia majaribio ya Android, na jaribio la Espresso linaishi ndani ya mchakato wa programu inayojaribiwa. Android inauhesabu mchakato wenye jaribio ndani yake kama ulio mbele ya mtumiaji muda wote, hata kamera ikiwa imefunika skrini. Mchakato ulio mbele hauuawi ili kupata RAM. Yaani kitendo chenyewe cha kupima kilikuwa kinaikinga programu na kifo tulichotaka kukipima. Ningekuwa nimenunua simu elfu moja, zote zingesema kijani.

Nadhani hapa ndipo kisa hiki kinapomhusu kila anayejenga shelfu ya aina hii. Kuwa na simu halisi hakutoshi. Kama swali ni nini kinatokea mfumo unapoibana programu, jaribio lazima lisimame nje ya programu, kama kidole cha mtu. Tuliiandika njia ile upya kwa Appium, chombo kingine cha majaribio, ambayo inaweka msaidizi wake kwenye simu kama programu tofauti, na yetu ikabaki raia wa kawaida asiye na kinga. Usiku wa kwanza itel ikaonyesha nyekundu kwenye msimbo wa zamani na kijani kwenye ule uliorekebishwa. Tecno moja ya GB 2 nayo ikaonyesha nyekundu, na hiyo hatukuitarajia.

Espresso hatukuitupa. Majaribio mengi yamebaki huko kwa sababu ni ya haraka na hayayumbi, yaani hayapiti mara hii na kufeli mara nyingine bila msimbo kubadilika. Yaliyohama ni yale tu ambayo katikati yake mtumiaji anatoka nje ya programu: kamera, kuchagua faili, simu inayoingia, menyu ya malipo. Kwa kamera tulipata tabu ya pekee, kwani kila kampuni ina kamera yake na kitufe chake. Tulipiga picha kwa `input keyevent 27`, amri inayoiga kitufe cha kamera, na kwenye simu zilizoikataa amri hiyo tulitumia kitufe cha sauti.

Mtu anaweza kusema kasoro ile ingeweza kuigizwa kwenye emuleta kwa `adb shell am kill`, amri ya kuua mchakato, programu ikiwa nyuma. Ingeweza, na leo tunafanya hivyo kila msimbo unapoingia, maana ni rahisi na ni haraka. Lakini amri hiyo tuliiandika baada ya Mbagala. Emuleta inajibu vizuri swali ambalo tayari unajua kuliuliza.

Nyekundu isiyosikilizwa

Sasa nieleze sehemu inayoniuma.

Mwezi wa pili shelfu ilikuwa inaonyesha nyekundu karibu kila asubuhi. Mara simu moja imepoteza Wi-Fi. Mara hifadhi imejaa video za majaribio na usakinishaji umekataa kwa `INSTALL_FAILED_INSUFFICIENT_STORAGE`. Mara kidirisha kipya kimejitokeza. Mara chumba kimepata joto: kiyoyozi kinazimwa saa kumi na mbili jioni, na usiku mmoja wa Februari Infinix ilifika nyuzi 46 ikapunguza kasi yake mpaka kila jaribio likapitiliza muda. Msimbo haukuwa na kosa katika lolote kati ya hayo. Ukibonyeza "jaribu tena" saa tatu asubuhi, linapita.

Basi tukawa tunabonyeza. Hakuna aliyeagiza, ilikuwa tu desturi: ukikuta nyekundu ya shelfu, bonyeza tena, ikipita unganisha. Google walieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yana namna fulani ya kuyumba, na kwamba asilimia 1.5 hivi ya uendeshaji wote hutoa matokeo ya kuyumba. Hao ni Google, wenye vikosi vya watu wa kazi hiyo. Sisi tulikuwa watu wanne, na kuyumba kwetu kulikuwa kukubwa zaidi.

Katika wiki mojawapo kati ya hizo, jaribio la malipo lilifeli kwenye Samsung na kwenye Tecno moja kwa siku tatu mfululizo. Tulibonyeza tena kwa siku tatu. Wakati mwingine lilipita, wakati mwingine halikupita mpaka mara ya tatu. Siku ya nne toleo likaenda kwa watumiaji.

Kasoro ilikuwa hii: menyu ya namba ya siri ilipojitokeza, programu yetu ilikwenda nyuma, ilipofungwa, programu ilirudi mbele na kitufe cha "Lipa" kikawa hai tena kabla jibu la malipo halijafika. Mwenye haraka alikigusa mara ya pili. Wanachama kadhaa walikatwa marejesho mara mbili. Tuliwarudishia wote, mmoja mmoja, kwa kuwapigia na kuwaomba radhi. Mzee mmoja wa Kisarawe aliniambia kwa upole kwamba ile ya pili ilikuwa nauli yake ya wiki.

Shelfu ilikuwa imeliona kosa lile siku tatu kabla. Ilipiga kelele kwa rangi ile ile iliyoitumia kusema kwamba Wi-Fi imekatika, nasi tulikuwa tumejizoesha kutosikia.

Rangi ya tatu

Tulisimamisha kazi nyingine zote kwa wiki moja. Uamuzi ulikuwa mmoja, na mengine yalitoka humo: nyekundu iwe na maana moja tu, kwamba msimbo una kosa. Hitilafu ya shelfu ipewe rangi nyingine.

Kabla jaribio lolote halijaanza, sasa simu inapimwa afya. Imemaliza kuwaka? Chaji imezidi asilimia 30? Joto liko chini ya nyuzi 40? Hii tunaisoma kwenye `dumpsys battery`, amri inayotoa hali ya betri, na anayeiandika kwa mara ya kwanza ajue namba inakuja kwa sehemu za kumi, yaani 312 ni nyuzi 31.2. Hifadhi ina nafasi? Intaneti inajibu? Skrini iko kwenye ukurasa wa nyumbani au kuna kidirisha kimeifunika? Simu ikishindwa kimojawapo, kazi inaishia hapo kwa namba maalumu ya kutokea, ile ambayo kazi huirudisha inapomalizika. GitLab inaruhusu kuitaja namba hiyo chini ya `allow_failure`, na matokeo yanakuwa ya rangi ya machungwa badala ya nyekundu. Kipimo hicho hicho kinarudiwa jaribio likifeli, kwa sababu Wi-Fi inaweza kukatika katikati ya safari.

Kitufe cha "jaribu tena" tumekiwekea sheria. Mfumo unarudia wenyewe mara moja tu, na hata ukipita mara ya pili, kule kufeli kwa kwanza kunaandikwa pamoja na video yake. Jaribio likiyumba mara tatu ndani ya wiki linatolewa kwenye lango, yaani kwenye majaribio yanayozuia msimbo kuunganishwa, linapewa mwenyewe kwa jina na tarehe ya kurudi. Machungwa nayo haikuachwa iwe njia ya panya: simu zote mbili za langoni, zile zinazopima kila msimbo mpya, zikiwa machungwa, hakuna kuunganisha mpaka mlinzi wa shelfu azione.

Ndiyo, tuna mlinzi wa shelfu. Kila wiki ni zamu ya mtu mmoja, na hiyo inahesabiwa kuwa kazi yake kama kazi nyingine. Nashauri hili kwa nguvu kuliko chombo chochote nilichokitaja. Simu hazifanani na seva. Zina betri, zinachoka, zinachafuka, zinaomba kuguswa. Tulipoacha zilelewe na yeyote mwenye nafasi, hakuna aliyekuwa na nafasi.

Mlinzi ndiye aliyegundua betri. Jumatatu moja alikuta mfuniko wa nyuma wa Tecno namba 2 umenyanyuka, mwanga unapita pembeni. Betri ilikuwa imevimba. Tulizichomeka simu mchana na usiku zikiwa asilimia 100 kwenye chumba chenye joto, na betri za lithiamu hazipendi mojawapo kati ya hayo, sembuse yote mawili. Ile tuliitoa siku hiyo hiyo, tukaipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Kisha tukabadilisha kigawanyio tena, safari hii kwa kile kinachokubali kuzimwa mlango mmoja mmoja kwa programu ya `uhubctl`. Simu ikifika asilimia 80 mlango wake unazimwa, ikishuka 40 unawashwa. Mlango ukizimwa simu inapotea pia kwenye `adb`, kwa hiyo zamu ya chaji lazima ipangwe nje ya muda wa kazi. Na kiyoyozi cha chumba kile hakizimwi tena usiku.

Ilipo sasa

Msimbo mpya unapoingia unapita emuleta na simu mbili, itel na Samsung, kwa muda wa kama dakika kumi na mbili. Usiku, kuanzia saa nne, simu zote saba zinaendesha njia ndefu, zikiwa zimewekwa Kiswahili na maandishi makubwa kama wazee wengi wanavyoweka. Moja tumeijaza picha makusudi mpaka hifadhi ikabaki kidogo. Asubuhi mlinzi anafungua STF, mfumo wa kuonyesha skrini za simu kwenye kivinjari uliozaliwa CyberAgent ya Japani na sasa unatunzwa kwa jina la DeviceFarmer, anaziona zote kwa pamoja kabla hajanywa chai.

Majaribio ya malipo yenye laini halisi yanaendeshwa mara moja tu kwa usiku, kwa simu mbili, kwa kiasi kidogo cha fedha za ofisi, na kila shilingi inaandikwa. iPhone hatuna kwenye shelfu. Makatibu wetu hawazitumii, na kuzihudumia kunahitaji kompyuta ya Mac na vyeti vya Apple ambavyo ni kazi nyingine kabisa.

Tangu rangi ya tatu ianze, nyekundu imekuwa chache, na ikitokea watu wanasimama. Wiki iliyopita ilitokea saa tisa alasiri kwenye itel peke yake. Kijana aliyeandika msimbo ule aliondoka kwenye kiti bila kuambiwa, akaenda kwenye chumba namba 4, akaichomoa simu, akajaza majina sita kwa kidole chake mwenyewe na kufungua kamera.